Noti za Duke Ellington Mikononi mwa Wanafunzi

Duke Ellington alifariki New York tarehe 24 Mei 1974, wiki chache baada ya kutimiza miaka 75. Aliacha tungo zaidi ya 1,000 na bendi aliyoiongoza kwa karibu nusu karne. Aliacha pia tatizo ambalo watunzi wengi hawawaachii warithi wao. Kwa kawaida anayeandika muziki wa kundi kubwa huziandikia ala: tarumbeta ya kwanza, tarumbeta ya pili, tromboni ya tatu, kama mwalimu wa kwaya anavyogawa sauti ya kwanza hadi ya nne. Ellington aliwaandikia watu. Juu ya mistari ya noti zake mara nyingi pameandikwa jina mahali pa namba: Cootie, Tricky, Rab. Huyu wa mwisho ni Johnny Hodges, mpiga saksafoni ambaye wenzake walimtania kwa kumwita Sungura. Mtu akiondoka kwenye bendi, wimbo wake ulibaki bila mwenyewe. Zaidi ya miaka 20 ilipita tangu mtunzi azikwe ndipo ikapatikana njia ya kuurithisha muziki wa namna hiyo kwa watu wengi, na njia yenyewe ilipitia mahali ambapo wapenzi wa jazz hawakupategemea sana, yaani madarasa ya muziki ya shule za sekondari za Marekani.

Ellington mwenyewe hakupita shule ya muziki. Alizaliwa Washington tarehe 29 Aprili 1899, akasoma Armstrong Manual Training School, shule ya ufundi ya vijana weusi, na mwaka 1917 akaiacha kabla ya kumaliza. Alikuwa na mkono wa kuchora, akapewa nafasi ya kusomea sanaa katika Pratt Institute ya Brooklyn, akaikataa. Muziki aliupata kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukumbi wa pool wa Frank Holliday, walikokutana wapiga piano wa mji, wenye kusoma noti na wenye kupiga kwa sikio tu, kila mmoja akimwibia mwenzake mbinu. Ya pili ni nyumbani kwa Henry Grant, mwalimu wa muziki wa sekondari ya Dunbar, aliyemfundisha pembeni namna sauti zinavyopatanishwa. Sikio na karatasi vilikwenda pamoja tangu mwanzo, na kila aliyejaribu baadaye kuurithisha muziki wake kwa kimojawapo peke yake alikwama.

Kuanzia Desemba 1927 hadi 1931 bendi yake ilipiga katika Cotton Club, Harlem, klabu ambayo watumbuizaji wake walikuwa weusi na wateja wake walitakiwa kuwa weupe. Onyesho lilihitaji nyimbo mpya kila mara kwa ajili ya wachezaji, na redio ikayapeleka matangazo yake nchi nzima. Kwa upande wa ufundi, faida kubwa ilikuwa kukaa mahali pamoja na watu walewale usiku baada ya usiku. Ellington aliweza kuandika kitu mchana, akakisikia jioni, akakirekebisha kesho yake. Alijua ni nani hupumua kwa kina, nani hutetemesha sauti mwishoni mwa mstari, na nani hawezi kuvumilia noti ndefu.

Mfano wa wazi wa elimu iliyopita ndani ya bendi ni ule mkoromo wa tarumbeta na tromboni ambao hadi leo humtambulisha Ellington ndani ya sekunde chache. Mpiga tarumbeta Bubber Miley ndiye aliyeuleta. Kizibo kidogo cha chuma husukumwa ndani ya mdomo mpana wa ala. Mbele yake mkono wa kushoto hushika kikombe cha mpira, kilekile ambacho mafundi bomba hutumia kuzibulia sinki, kikiwa kimeng'olewa mpini. Mpigaji hufunga na kufungua kikombe hicho huku akikoroma kooni na kupuliza kwa wakati mmoja, na ala inaanza kusema kama mtu anayelalamika au anayecheka kwa kejeli. Miley alipoondoka mwaka 1929, nafasi yake ikachukuliwa na Cootie Williams, kijana aliyekuwa akipiga tarumbeta wazi, yenye sauti nene. Hakuna aliyempa kitabu. Alikaa karibu na mpiga tromboni Joe Nanton, aliyeitwa Tricky Sam, akasikiliza anavyokoroma, akaiga, kisha akaja na mkoromo wake mwenyewe.

Mwaka 1940 Ellington alimtungia Williams kipande kilichobeba jina lake, "Concerto for Cootie", kikarekodiwa Chicago tarehe 15 Machi. Ni santuri ya dakika tatu na ushei, lakini ndani yake tarumbeta moja inavaa sura kadhaa. Inaanza ikiwa imezibwa, laini, karibu kunong'ona, inakoroma, katikati kizibo kinaondolewa, ufunguo unabadilika, na sauti inatoka wazi kwa nguvu, halafu inarudi ndani ya kizibo. Hata umbo la wimbo si la kawaida, kwani sentensi yake ya kwanza ina vipimo 10 mahali ambapo nyimbo nyingi za zama hizo zina vipimo vinane. Kabla mwaka haujaisha Williams aliondoka kwenda kwenye bendi ya Benny Goodman. Tarehe 7 Novemba 1940, vijana wawili, Jack Towers na Dick Burris, walibeba mashine yao ya kukatia santuri hadi ukumbi wa dansi wa Fargo, North Dakota, wakarekodi bendi ikiwatumbuiza wachezaji. Kiti cha Williams kilikuwa kimekaliwa na Ray Nance, aliyejiunga siku chache tu kabla. Nyimbo ni zilezile, ila yule anayezisema ni mwingine. Ellington hakumtaka Nance awe nakala ya Williams. Alimwachia nafasi, na baada ya muda akamwandikia vya kwake.

Jambo la namna hiyohiyo linasikika hata katika vipande vitulivu. "Mood Indigo" ya mwaka 1930 huanza na ala tatu tu: tarumbeta, tromboni na klarineti. Mpangaji wa kawaida angeiweka klarineti juu na tromboni chini. Ellington aliipandisha tromboni ya Nanton, ikiwa na kizibo, hadi karibu kabisa na tarumbeta, akaishusha klarineti ya Barney Bigard kwenye sauti zake za chini kabisa, zenye kina na giza. Ukiziandika noti hizo kwenye karatasi, hazina ugumu wowote kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ugumu uko katika kuzipiga watatu kwa pamoja kwa sauti ya chini hivyo bila mmoja kumfunika mwingine.

Kuanzia 1939 karatasi hizo zilikuwa na mwandishi wa pili, Billy Strayhorn, kijana wa Pittsburgh mwenye elimu ya piano ya kizungu na haya nyingi. Yeye ndiye mtunzi wa "Take the 'A' Train", wimbo ambao watu wengi huupa jina la Ellington kwa sababu bendi ilifungulia nao maonyesho yake. Wawili hao walifanya kazi pamoja hadi Strayhorn alipofariki mwaka 1967. Kwa muda mrefu haikujulikana vizuri nani aliandika nini, na mtafiti wa Uholanzi, Walter van de Leur, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo kwa kulinganisha miandiko ya mikono kwenye maandishi asilia. Kitabu chake kilitoka mwaka 2002. Kwa walimu, kazi hiyo ilikuwa na maana ya moja kwa moja, maana Strayhorn anahitaji mguso tofauti na Ellington, na hapo kabla bendi za shule zilikuwa zikiwapiga wote wawili kwa mtindo mmoja.

Bendi haikuvunjika baada ya kifo cha Ellington. Mercer Ellington, mwanawe, aliishika na kuzunguka nayo hadi alipofariki mwaka 1996. Lakini wazee walikuwa wakiondoka. Hodges alikuwa amekwisha kufa mwaka 1970. Harry Carney, aliyepiga saksafoni ya baritoni tangu 1927, alimfuata bosi wake miezi michache tu baadaye, Oktoba 1974. Nafasi ya Carney ilichukuliwa na Joe Temperley, Mskochi aliyekuwa amehamia New York, na jina hilo litarudi.

Mwaka 1988 Mercer aliiuzia taasisi ya Smithsonian ya Washington shehena kubwa ya karatasi za baba yake, na Bunge la Marekani likatoa fedha za kuinunua. Zilikuwa kurasa kwa makumi ya maelfu, na hali yake iliwashangaza waliotarajia kukuta kazi zimepangwa tayari kupigwa. Kipande kimoja kinaweza kuwa na karatasi za saksafoni bila za tarumbeta. Mwanzo wa wimbo unaweza kukosekana kwa sababu ulibuniwa kwenye mazoezi, ukakariliwa, haukuandikwa. Mwisho uliopo kwenye karatasi mara nyingine sio unaosikika kwenye santuri. Sehemu ya piano mara nyingi haipo kabisa, maana mpiga piano alikuwa mtunzi mwenyewe na hakuwa na sababu ya kujiandikia. Aliyetaka kupiga muziki huo kama ulivyosikika alilazimika kuweka karatasi upande mmoja na santuri upande wa pili, kisha kujaza mapengo kwa sikio.

Shule, kwa upande wao, zilikuwa na bendi kubwa lakini hazikuwa na Ellington. Elimu ya jazz vyuoni ilikuwa imeanza miaka ya 1940, pale chuo kilichoko Denton, Texas, kilipofungua shahada ya muziki wa dansi mwaka 1947 na shule iliyokuja kuitwa Berklee ilipoanzishwa Boston mwaka 1945. Kufikia miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya sekondari zilikuwa na bendi zenye tarumbeta, tromboni na saksafoni kamili. Zilinunua mipangilio iliyochapwa kwa ajili ya wanafunzi, mingi ikifuata mtindo wa bendi ya Stan Kenton au ya Count Basie wa baadaye: safi, yenye nguvu, rahisi kugawa. Nyimbo za Ellington zilizouzwa madukani zilikuwa zimelainishwa hadi mkoromo, zile sauti zilizopinduliwa na majina ya watu vyote vikapotea. Mwanafunzi aliweza kumaliza sekondari akiwa amepiga "Satin Doll" mara mia bila kukutana na Ellington hata mara moja.

Taasisi kubwa nazo zilichelewa kumheshimu. Mwaka 1965 majaji wa muziki wa tuzo ya Pulitzer walipendekeza apewe heshima maalumu, bodi ikakataa; aliipata mwaka 1999, miaka 25 akiwa kaburini. Chuo cha Yale kilitangulia wengi. Mwaka 1972 Willie Ruff, mpiga besi na honi aliyefundisha huko, alianzisha ushirika wenye jina la Ellington, mwenye jina akiwa bado hai, akawakusanya wakongwe wa muziki huo New Haven na kuwapeleka pia mbele ya watoto wa shule za mji.

Kazi ya kuziba pengo la karatasi ilifanywa kwa sehemu kubwa na David Berger, mpangaji na kiongozi wa bendi wa New York, aliyekaa na santuri za zamani akiandika kila sauti aliyoisikia. Kazi hiyo inachosha kuliko inavyoelezeka. Kwenye rekodi ya 1940 saksafoni tano zinasikika kama ukuta mmoja, na ile ya nne, ambayo aghalabu ndiyo yenye noti ya ajabu inayoupa ukuta huo rangi, ndiyo iliyofunikwa zaidi. Kituo cha Lincoln Center cha New York kilipoanza matamasha yake ya jazz mwaka 1987, na baadaye kuunda bendi yake ya kudumu chini ya mpiga tarumbeta Wynton Marsalis, mipangilio ya Berger ikawa sehemu ya chakula chake cha kila siku. Katika bendi hiyo aliketi Joe Temperley, akipiga saksafoni ya baritoni kama alivyoipokea kwenye kiti cha Carney.

Kutoka hapo likazaliwa shindano la Essentially Ellington, ambalo fainali zake za kwanza zilifanyika mwaka 1996. Mwanzoni lilizihusu shule za New York na majimbo jirani. Miaka michache baadaye likafunguliwa kwa nchi nzima. Utaratibu wake ni huu. Kila mwaka kituo hutuma bure kwa shule zinazojiandikisha mipangilio iliyonukuliwa kutoka rekodi asilia, pamoja na maelezo ya kufundishia na rekodi za kusikiliza. Bendi hujirekodi na kutuma kazi zake. Majaji huchagua zinazofika fainali, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa 15. Kila bendi iliyochaguliwa hutembelewa shuleni kwake na mwanamuziki wa kazi, na mwezi Mei zote hukutana New York kwa siku kadhaa za kupiga, kusikilizana na kufundishwa. Shule isiyoshindana pia huruhusiwa kuchukua karatasi, na hapo ndipo mpango ulipofika mbali kuliko jukwaa lake. Bendi ambazo hazijawahi kuiona New York zimekuwa zikijifunza "Ko-Ko" na "Harlem" kwenye ukumbi wa mazoezi ulio pembeni ya uwanja wa mpira wa kikapu.

Karatasi peke yake isingetosha, na mpango huu ulilijua hilo. Mwalimu wa bendi anayefuata maelezo yake huwaketisha wanafunzi wasikilize santuri kabla ya kugusa ala. Mpiga saksafoni wa kwanza huimba kwa mdomo mteremko wa Hodges kutoka noti moja hadi nyingine, kwa sababu mteremko huo hauwezi kuandikwa ukaeleweka. Mpiga tromboni hutafuta kikombe cha mpira dukani kwenye vifaa vya mabomba. Siku za kwanza mkoromo hutoka kama kikohozi. Baada ya wiki kadhaa koo na midomo huanza kuelewana. Kwa njia hii kijana wa miaka 16 anapitia darasa lilelile alilopitia Williams pembeni ya Nanton, ila mwalimu wake yuko ndani ya rekodi. Mwaka wenye bahati mwalimu aliweza kuwa hai: Temperley, hadi alipofariki mwaka 2016, aliwafundisha vijana hao ana kwa ana, akiwa mtu mmoja tu kati yao na Carney.

Matunda yake yanaonekana kwenye bendi za leo. Shule ya LaGuardia ya New York ilishinda mwaka 1996, na mpigaji wake wa besi, Carlos Henriquez kutoka Bronx, miaka miwili baadaye aliingia katika bendi ya Lincoln Center na kubaki humo. Mpiga piano Aaron Diehl alipita kwenye shindano hilo akiwa kijana, na mara baada ya sekondari akachukuliwa na Marsalis katika ziara.

Lawama hazikukosekana. Ya kwanza ni ya mashindano yenyewe: muziki uliozaliwa kwenye kumbi za dansi unapimwa kwa alama kama riadha, na mwalimu anayetaka kombe anashawishika kuwafundisha watoto kipande kimoja kwa miezi sita. Ya pili ni ya fedha. Mwaka 2002, 2007 na 2008 kombe lilikwenda Roosevelt High School ya Seattle. 2003, 2004, 2009 na 2010 likaenda Garfield High School ya mji huohuo, alikosoma mwanamuziki Quincy Jones. Zote ni shule za umma, lakini safari ya bendi nzima kutoka pwani ya magharibi hadi New York inahitaji wazazi wa kuchangisha, na si kila mtaa una wazazi hao. Ya tatu ndiyo nzito. Kuiga rekodi ya 1940 noti kwa noti ni kufanya jambo ambalo Ellington hakulifanya hata kwa nyimbo zake. Watetezi wa mpango hujibu kwamba solo huachwa wazi kwa mwanafunzi kubuni, na kwamba hakuna anayebadilisha lugha asiyoijua. Jibu hilo lina nguvu kwa bendi zinazofika fainali. Kwa zile ambazo mwalimu wake huwapa wanafunzi hata solo zilizonukuliwa ili wasikosee, lawama inabaki palepale.

Wengine walifuata njia ya kufanana, kwa sababu zao. Charles Mingus, mpiga besi aliyewahi kuwa ndani ya bendi ya Ellington kwa siku chache tu mwaka 1953 na kufukuzwa baada ya ugomvi na mwenzake wa bendi, Juan Tizol, alifariki Mexico tarehe 5 Januari 1979. Yeye alikuwa na kipindi ambacho hakutaka karatasi kabisa. Aliwaimbia wanamuziki sehemu zao mpaka wazishike. Mjane wake, Sue Mingus, aliunda bendi za kupiga kazi zake na kuzichapisha zikiwa zimepangwa, zikiwemo rahisi za wanafunzi, na kuanzia 2009 kukawa na shindano la sekondari lenye jina la Mingus huko New York. Essentially Ellington nayo ilipanuka, ikaanza kutuma kazi za Count Basie, Benny Carter na Mary Lou Williams.

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu wa hali iliyokuwapo kabla ya karatasi hizo kufika shuleni. Ellington alifika Ethiopia na Zambia mwaka 1973, na mjini Addis Ababa mwanamuziki Mulatu Astatke ndiye aliyekuwa mwenyeji wake wa muziki. Ila neno jazz lilikuwa limekwisha kuingia kwenye majina ya bendi za dansi za Tanzania kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Muziki wao ni mwingine, lakini urithi wao umekaa vilevile: umo kwenye rekodi za Radio Tanzania na vidoleni mwa wazee, na kijana anayetaka kuzipanga sauti za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz kwa bendi ya shule hana karatasi ya kuanzia.

Sheria nayo imeanza kubadilisha mambo. Nchini Marekani tungo zilizochapishwa mwaka 1927, "Black and Tan Fantasy" ya Ellington na Miley ikiwemo, zilitoka kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2023, hivyo mwalimu yeyote anaweza kuipanga upya na kuigawa bila kuomba ruhusa. Rekodi zenyewe za 1927, ambazo ndizo zinazoonyesha mkoromo wa Miley unavyosikika, zina ulinzi wa miaka 100 na zinabaki mikononi mwa wenyewe hadi mwisho wa 2027.